Misumeno Ikinyamaza

Jumatano, 21 Februari 1996

Jumatano ya Majivu. Majivu! Kana kwamba mlima wetu wa volkeno haujatupa ya kututosha. Padre alipofika kwa Ima, mama yetu, na kuchovya kidole, Ima akamwambia, "Padre, paka kidogo tu, mengine bado ninayo masikioni." Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nimekatazwa.

Nimekatazwa kucheka, kuongea, kunong'ona (kumbe kunong'ona ndiko kubaya zaidi), hata kukohoa nikiweza kujizuia. Na kuimba. Ndiyo maana naandika. Mtu akinyamaza kutwa, maneno yanamjaa mdomoni kama mate.

Daktari Yabut alinitia kioo kooni jana. Vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, na upande mmoja umechanika. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia naimba roki, bendi inaitwa Kildap, mimi na mdogo wangu na vijana wengine wawili ambao sasa si vijana tena.

"Umekuwa ukiimba au ukipasua kuni?"

Akauliza kuchanika kulianza lini. Nikasema Oktoba. Sikuongeza.

Dawa: ukimya mrefu, halafu labda kisu. Nikiendelea kupiga kelele za jukwaani nitabaki na sauti ya kuombea chumvi mezani. Ndivyo alivyosema, huku anaosha mikono.

Na mkataba wa Osaka unaanza baada ya Pasaka. Baa ya hoteli, miezi sita, kila siku isipokuwa Jumatatu. Santi, mdogo wangu, ameshawaambia watoto wake rangi za majaketi atakayowaletea.

Sijamwambia. Kesho.

Ijumaa, 23 Februari

Sijamwambia.

Nimeshinda kwa Ima, kwenye kambi ya waliokimbia tope. Choroko, maana ni Ijumaa, na samaki mkavu mmoja tuliogawana kama mirathi. Mchana akina mama walifanya mazoezi ya pabasa, kisomo cha Mateso cha Juma Kuu. Ima ndiye kiongozi. Ana miaka sabini na mbili na anaimba ubeti baada ya ubeti bila kunywa maji. Mimi nikiimba dakika arobaini natoka jukwaani nimebebwa.

"Wewe Dolores," anamwambia jirani yake, "Bwana anasulubiwa hapo, huuzi kambare."

Nilikaa pembeni, kimya. Wimbo wenyewe ni mmoja tu, unapanda kidogo, unashuka, unarudi. Nilipokuwa msichana niliukimbia wimbo huu. Ulinitia usingizi. Nikaenda kuimbia wanajeshi wa Kimarekani kwenye baa za mji wetu wa Angeles, nimevaa ngozi nyeusi, nimejipaka masizi machoni.

Sasa niandike ya Oktoba, kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Tope la Pinatubo lilipoingia kijijini tulipanda juu ya paa la kanisa dogo, mimi na Ima na wanawake wengine. Tope lilikuwa kwenye madirisha. Lilipita na nguruwe, na magogo, na friji ya mtu. Mvua na ukungu, hata mkono wako huuoni. Mke wa Santi na watoto walikuwa wameshaondoka na lori la jeshi. Santi mwenyewe alirudi kuchukua drams zake — drams! — na sasa alikuwa huko ndani ya ukungu, juu ya mlango uliong'oka, hajui kanisa liko upande gani.

Nikamwita. Nilimwita kutwa. Ile sauti ya kufungia onyesho, bila spika, bila pumziko. Santi! Huku! Kuna wakati nilisikia kitu kooni kikichanika kama khanga. Nikaendelea. Jioni ilipokaribia akatokea, tope mpaka kwenye kope, anapiga kasia kwa kifuniko cha sufuria. Akasema, "Atsi, punguza sauti, majirani wamelala."

Atsi — dada mkubwa. Hajawahi kuniita kwa jina.

Ndipo Ima akaanza kisomo, pale pale juu ya paa. Nikataka kumfuata, sauti haipo. Nikafuata kwa pumzi tu. Na hapo... sijui niiteje. Mchana kutwa nilikuwa nimemwomba Mungu kwa kelele. Sasa sikuwa na la kuomba, nimechoka mno. Na nikajua yupo. Hakusema lolote. Kama mtu aliyekuja akakaa nyuma yako kwenye paa, ukahisi bati limebonyea kwa uzito wake.

Basi. Mwanamke wa roki akisimulia hivyo ataulizwa amevuta nini.

Lakini tangu siku hiyo nyimbo zinakuja. Ndogo ndogo. Za sauti ya chini. Hazina mahali kwenye Kildap.

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya nilichokatazwa. Nimekwenda kwa Teddy Ilagan.

Studio yake iko juu ya karakana ya samani. Misumeno kutwa, na vumbi la mbao linapanda mpaka kwenye kahawa. Kurekodi ni wakati mmoja tu, mafundi wakienda kula na kujinyoosha kidogo. Misumeno ikinyamaza, Teddy anainua kidole. Ikirudi, basi, kwaheri, mpaka kesho. Nikasema inanifaa. Koo langu halina zaidi ya hapo kwa siku.

Nikaimba wa kwanza. Gitaa moja, mimi mwenyewe. Teddy alikuwa amezishusha zile swichi zake za sauti chini kabisa, ananijua mimi. Akasubiri kelele. Nikamwona nyuma ya kioo anazisogeza mbele kidogo, kidogo tena, mpaka mwisho.

"Perlita, huo ni wimbo au unakoroma?"

"Ni wimbo, kaka."

"Mjusi wa darini anasikika kuliko wewe."

"Mwache. Hana kosa."

Akasikiliza kaseti mara mbili. Akachukua taulo akaenda kuziba upenyo wa mlango.

Alhamisi, 7 Machi

Wimbo mmoja. Koo kama nimemeza mchanga. Chai ya tangawizi, kisha ukimya mpaka kesho.

Teddy ananiuliza hii ni albamu ya dini au vipi. Nikamwandikia kwenye karatasi: Sijui. Akasema kampuni ya Manila itataka kujua. Wanapenda vitu vya Juma Kuu, lakini watataka nivae shela nyeupe kwenye jalada. Nikaandika: Nina jaketi moja tu, jeusi. Akasema, "Hata Mariamu Magdalena lazima alikuwa na jaketi."

Nilicheka! Kwa sauti. Iliuma.

Jumanne, 12 Machi

Santi amejua. Si habari ya daktari — ya albamu. Fundi mmoja wa pale chini anacheza naye kamari ya kupiganisha kuku.

Amekuja nyumbani, amesimama mlangoni, hataki kukaa.

"Kwa hiyo unarekodi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Peke yako. Jina lako tupu. Kildap haimo."

"Nyimbo hizi hazina drams, Santi."

"Kuna wimbo usio na drams? Hata moyo una drams." Halafu akalainika, ndiyo tabia yake, hasira yake ni moto wa majani makavu. "Sawa, Atsi. Mwimbie Mungu. Lakini mazoezini huimbi, unatikisa midomo tu kama kambare. Onyoko na mwenzake kwenye bendi wananiuliza. Nawaambia unaihifadhi kwa ajili ya Osaka. Ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

Mungu anisamehe. Au asinisamehe, nimechoka hata kuomba msamaha.

Jumamosi, 16 Machi

Madamu Luz amekuja kutoka Manila kutusikiliza. Yeye ndiye wakala wa Osaka. Miwani mikubwa, viatu vyeupe kwenye matope yetu. Alitaka wimbo mmoja tu, ule wa kufungia onyesho, kwa kuwa Wajapani wenye hoteli waliusikia zamani na bado wanaukumbuka.

Santi akahesabu kwa vijiti. Tukaingia. Mwanzo ulikwenda. Nilifika pale pa kupasua — na hapakupasuka. Ilitoka hewa. Hewa tupu, kama tairi. Santi akadhani ni kipaza sauti, akapiga kelele nigeuze waya. Nikarudia. Nikaonja damu.

Wakasimama wote. Ikabidi niseme.

"Tangu lini unajua?" akauliza Santi.

"Tangu Majivu."

"Tangu Majivu! Na badala ya kuipumzisha ukaenda kuimalizia kwa Teddy? Kwa nyimbo za mjusi?"

"Santi..."

"Sauti hiyo si yako peke yako, Atsi! Tumeila wote. Imenijengea nyumba, tope likaila, na ndiyo ilikuwa ijenge nyingine. Watoto wangu wanalala juu ya mbao za makreti. Wewe ukaona kilichobaki umpe nani? Mungu? Mungu hana shida ya kusikia!"

Onyoko anatazama viatu vyake.

Nilikuwa na neno moja. Lingemkalisha chini, asinyanyuke tena. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, na damu yake.

Madamu Luz alingoja kelele ziishe kama mtu anayengoja mvua. Kisha akanivuta kando. Kuna sindano, anasema. Moja kabla ya onyesho, uvimbe unashuka, sauti inafunguka kama bomba. Waimbaji wake wengi wanachoma. "Na baada ya miezi sita?" nikauliza. Akavua miwani. Ana macho ya huruma, jambo ambalo sikulitarajia. "Mama, baada ya miezi sita utakuwa umerudi kwenu."

Anataka jibu Jumanne ya Juma Kuu. Atapiga simu kwa Teddy, maana kwangu hakuna simu.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda misa. Nimelala. Nimeamka. Nimelala.

Ijumaa, 22 Machi

Kambini tena. Santi hakuwepo, alikuwa Angeles anatafuta vibarua vya kubeba mchanga. Huo mchanga uliotuzika sasa unauzwa kwa wajenzi.

Mkewe, Norma, alinipa choroko na hakunisemesha. Ana haki. Mtoto wake wa kati anakohoa, na lile turubai la hema lao linatoa joto kama mdomo wa mbwa. Nikaosha vyombo. Tukaosha pamoja. Mwishoni akasema, bila kunitazama, "Si kwamba nakuchukia, Atsi. Ni kwamba nilishaanza kupanga makabati."

Makabati! Bora angenipiga kofi.

Jumatano, 27 Machi

Nimeamua. Nakwenda Osaka. Nitachoma hiyo sindano.

Nikaenda kumweleza Ima. Alikuwa anapanga viti vya kisomo, vya kuazima, kila kimoja na jina la mwenyewe mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nikae, akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti.

"Hizo nyimbo zako kwa Teddy. Zimeisha?"

"Bado moja. Maneno ninayo, koo sina."

"Mimi sizipendi kuuzwa. Kisomo ni nadhiri, si bidhaa. Hilo nimelisema?"

"Umelisema, Ima." Amelisema kila wiki.

"Lakini Dolores alimpata yule fundi wa chini kwa Teddy, fundi akamletea kaseti, nikasikiliza moja. Umekosea mizani mahali pawili. Nilifikiri ni mama yangu anaimba."

Akaendelea, kwa sauti nyingine kabisa, ya mahakamani:

"Santi anajua koo lako lilichanika wapi?"

"Hapana."

"Hukumwambia hata alipokutukana mbele ya watu?"

"Ningemwambiaje? Atabeba kitu hicho maisha yake yote."

"Vyema. Umefanya vyema, mwanangu."

"Na wewe usimwambie, Ima. Niahidi."

Akasimama, akashika kiti. "Mimi ni mzee. Siku hizi sikumbuki ahadi."

Jumapili, 31 Machi

Jumapili ya Matawi. Watu wanapunga matawi yao, watoto wanachomana nayo machoni. Santi hayupo. Norma anasema ameondoka alfajiri kwa miguu.

Nikamtazama Ima. Ima anatazama altare.

"Umemwambia."

"Shhh. Padre anasoma."

Baada ya misa akakiri, bila haya hata kidogo. Alimwambia jana wakati anamkata nywele, ili asiweze kukimbia, mkasi uko sikioni. Alimwambia yote: paa, ukungu, kutwa nzima, kile kilichochanika. Santi aliinuka akaenda zake, nywele zimekatwa upande mmoja.

Wamemwona mchana huko kijijini kwetu, au tuseme juu ya kijiji chetu, maana kiko chini. Amekaa kwenye ukingo wa paa la kanisa. Siku hizi unapanda paa lile kwa hatua moja tu, kama kizingiti.

Sikumfuata. Ningemfuata kumwambia nini, na kwa sauti gani?

Jumanne, 2 Aprili

Naandika nikiwa kwa Teddy, kwenye chumba cha mitambo, karatasi juu ya goti. Nina sababu: tangu asubuhi sina sauti kabisa. Si kwamba ni ndogo. Haipo. Nilifungua mdomo kumwomba muuza duka tangawizi, nikamwonyesha kwa kidole kama mgeni.

Madamu Luz anapiga leo, saa ya chakula. Nilimwandikia Teddy jibu langu kwenye kipande cha karatasi amsomee: Ndiyo. Kipo hapo, chini ya kikombe chake.

Wimbo wa mwisho basi haupo. Teddy akasema tuache, albamu fupi pia ni albamu. Akaanza kukunja nyaya.

Kisha Santi akaingia. Nywele bado upande mmoja. Nilidhani anatoka kazini, kumbe anatoka kwenye kisomo. Kimeanza jana, na Ima amemweka mstari wa mbele tangu asubuhi, katikati ya wanawake.

"Wanasema naimba kama mbuzi anayepelekwa sokoni," akamwambia Teddy. Mimi hajanitazama.

Halafu akanitazama.

"Ima ameniambia. Mbona hukusema siku ile? Nilikutukana, Atsi. Mbele ya Onyoko. Mbele ya yule mama wa miwani."

Nikainua mikono. Nikaonyesha koo.

"Usijibu. Mara ya kwanza katika ukoo wetu kuna mwanamke asiyejibu, niache nifaidi." Akacheka, akajifuta macho kwa bega. "Nilidhani nilifika pale kwa akili zangu. Nimesimulia kambi nzima, ati nilisoma mkondo wa tope."

Nikamshika mkono. Una malengelenge ya sepetu. Mkono wa mpiga drams!

"Na Osaka usiniulize," akasema. "Sijui. Norma hali chakula vizuri, mtoto anakohoa, na mimi mwenyewe usiku naota kiyoyozi. Nikikwambia usiende nitakuwa nadanganya. Nikikwambia nenda..." Akamgeukia Teddy. "Umebaki wimbo gani?"

Teddy akampa karatasi yangu. Ubeti wa kwanza ni huu:

Bwana, siombi mbinguni
ngazi ishukayo chini;
ni sauti tu kooni,
imfikie jirani
aliyemo ukunguni.

Santi akasoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Midomo inatembea. Chini, msumeno mmoja ukakata ubao wa mwisho, ukazima. Teddy akainua kidole.

"Nivalishe hayo masikio yako ya waya," Santi akasema.

Sasa yuko nyuma ya kioo. Gitaa nililirekodi wiki iliyopita, Teddy analipitisha masikioni mwake. Hajawahi kuimba kwenye kaseti maishani mwake. Mikono hajui aiweke wapi, kwa hiyo anapigapiga paja, taratibu, ndiyo drams pekee za albamu hii. Ameanza chini mno. Ameanza tena. Sauti yake ina mikwaruzo ya kisomo cha tangu asubuhi. Ni kweli, kuna mbuzi kidogo ndani yake. Amefumba macho.

Amefika mstari wa nne. Hakusoma nilivyoandika. Ameimba: *ilinifikia mimi*.

"Amevunja kina," Teddy ananong'ona. "Nisimamishe?"

Nimetikisa kichwa. Siwezi kuona vizuri ninachoandika.

Ameingia ubeti wa pili. Simu ya hapa haina kengele, ina taa nyekundu ukutani, ili isiharibu kurekodi. Inawaka. Inazima. Inawaka. Santi akifumbua macho tu ataiona, iko mbele yake. Teddy ameshika kikombe kwa mkono mmoja na mkono wa simu kwa mwingine, ananitazama. Hainui. Ananingoja mimi. Kule chini mafundi wanaburuta mabenchi, mtu anaita mtu, msumeno wa kwanza umeshakohoa mara moja.

Namwonyesha Teddy kiganja. Bado. Bado ubeti mmoja —